Zamfira Bostan, Aliyeapa Hatakufa Mpangaji

"Mimi sitakufa mpangaji. Na siku ya kusaini hati ya nyumba yangu, sitaki mkalimani aje kula pesa yangu bure." Marehemu Zamfira Bostan aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya benchi, kwenye karamu ya mavuno ya zabibu hapa Pietravecchia, Italia, Septemba 2022. Wengi mnaomlilia leo mlikuwepo, na mlimpigia makofi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji kilicho karibu na Soroca, Moldova, mtoto wa pili wa Mzee Grigore Rusu na Bi Paraschiva. Alisoma hapo kijijini, kisha akahitimu ualimu mjini Bălți mwaka 1983. Alifundisha jiografia miaka kumi na minane, akiwaonyesha watoto Italia kwenye ramani kwa fimbo, asijue kuwa ile fimbo ilikuwa inamwonyesha yeye njia.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Tudor Bostan, fundi trekta, wakajaliwa binti mmoja, Lilia. Tudor alifariki mwaka 1999. Mshahara wa mwalimu siku hizo ulikuwa unakuja kwa kuchechemea, na mwaka 2002 marehemu akaja Italia kulea wazee.

Hapa alimlea Bi Assunta Petrella kwa miaka kumi na mmoja. Kiitaliano alikiokota kwenye matusi ya bibi huyo, hata padri alipomkaribisha chai mara ya kwanza, marehemu alimshukuru kwa neno nisiloweza kulirudia mbele ya jeneza. Bi Assunta alipofariki, marehemu alibaki katika nyumba ileile, akiwalipa warithi kodi.

Warithi walipokubali kuuza, hakuruka hatua. Alileta mpimaji, ikagundulika kuwa jiko la nyuma halimo kwenye ramani ya serikali, likaingizwa. Hati zikapekuliwa kuona kama nyumba haijawekwa rehani. Akasaini mkataba wa awali, akaweka arubuni. Mrithi mmoja alikuwa Argentina, na idhini yake ilichukua mwaka mzima kuvuka bahari. Ilibaki hati ya mwisho, ambayo mthibitishaji wa hati, Bwana Settimio Fanelli, lazima aisome kwa sauti mbele ya mnunuzi, na mnunuzi aielewe. Bwana Fanelli alimshauri amweke mkalimani, kwa tahadhari tu. Marehemu alimjibu kwamba Kiitaliano chake ni kikongwe kuliko ofisi yake.

Tarehe 3 Februari 2025 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulibaki mzima. Kiitaliano kiliondoka chote. Asubuhi aliamka na lugha ya mama yake peke yake, akiwashangaa wauguzi kama watu wa redio ya mbali.

Ijumaa tarehe 14 Bwana Fanelli alikuja hospitali na hati, wauzaji wakasimama ukutani na makoti yao. Alisoma ukurasa wa kwanza, akamuuliza kama ameelewa.

"Nipe kalamu, Fanelli. Usinichoshe," marehemu alisema, kwa Kimoldova.

Nikiwa kando ya kitanda, nilimwambia mthibitishaji kwamba shangazi anaomba kalamu.

"Wewe ni damu yake, kijana," alinijibu. "Sheria hainiruhusu kukusikia."

Alivua miwani, akaikunja hati taratibu, akaahidi mkalimani wa kuapishwa kutoka Campobasso siku ya Jumatatu. Simlaumu. Shangazi hakushusha mkono. Aliunyoosha hivyo, vidole vimekaa tayari kwa kalamu, mpaka muuguzi akauingiza chini ya shuka.

Aliaga dunia Jumapili tarehe 16, kabla ya misa ya asubuhi.

Ameacha binti yake Lilia, wajukuu wawili, kaka yake Vasile, ambaye ni baba yangu, na mimi mpwa wake Ilarion, mwenye stashahada ya nusu, kama alivyopenda kunitambulisha kwa wageni. Ameacha pia paka mmoja na jiko la nyuma, ambalo sasa limo kwenye ramani. Ngano ya asali, chakula cha msiba cha kwetu Moldova, iko mezani nje. Tafadhali kuleni, angewagombeza msipokula.

Shangazi, pumzika kwa amani mahali pasipo na mwenye nyumba.

Kaburi lake, tundu la ukutani kama yalivyo makaburi ya hapa, ni la halmashauri, na limekodishwa kwa miaka thelathini. Euro elfu mbili mia nne.