Mzee Rudi Nyuma, Mpimaji wa Sebule Zetu

Tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni, fundi mkuu wa duka letu la televisheni atavua koti lake la buluu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Kila mteja aliyewahi kusimama mbele ya skrini zetu amewahi kuambiwa naye arudi nyuma kidogo, sasa aangalie. Ndiyo maana anaitwa Mzee Rudi Nyuma. Mkewe alipinga jina hilo kwa mwaka mzima, kisha akachoka, naye sasa anamwita hivyo hivyo.

Alianza kazi kwenye karakana, enzi za televisheni zenye kisogo kikubwa, zilizobebwa na watu wawili huku wakilaumiana. Huko ndiko alikojifunza somo ambalo amewafundisha wafanyakazi kumi na wanne: picha yote ni nukta. Nukta zikiwa chache na skrini ikiwa kubwa, ukikaa karibu utaziona moja moja, na sura ya mtu itakuwa kama sakafu ya vigae. Ukirudi nyuma, jicho lenyewe linaziunganisha. Ukizidi kurudi, hata zikiwa milioni nane jicho halizitofautishi tena, na hapo umenunua usichokiona.

Hilo la mwisho lilimletea maneno. Zilipoingia televisheni za nukta milioni nane, meneja alitaka kila mteja aondoke na moja. Mzee akachukua televisheni mbili za ukubwa mmoja, ya nukta nyingi na ya nukta chache, akaziba kwa karatasi vibandiko vinavyotaja nukta zake, akachora mstari wa chaki mita tano kutoka ukutani, akamwomba bosi achague iliyo bora. Bosi akachagua papo hapo, kifua mbele. Akachagua ya nukta chache! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Meneja naye ni muungwana: tangu siku hiyo hakuna televisheni inayotoka dukani kabla mtu wetu hajaenda kupima sebule ya mteja.

Hapo ndipo ninapoingia mimi wa dawati la mauzo, naomba mnivumilie. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, nina watoto wawili wa kulea peke yangu, na sharti lilikuwa wazi: televisheni ikirudishwa kwa kosa la kipimo, aliyepima anaondoka. Nikatumwa kwa mama mmoja mjane. Nikapima ukuta hadi ukuta, mita nne na nusu, nikaandika inchi sabini na tano, nikaondoka najiona fundi. Kumbe kochi lilikuwa katikati ya chumba, maana nyuma yake palikuwa na meza ya kulia na viti sita. Kutoka machoni pa yule mama hadi kwenye skrini ilikuwa mita moja na nusu tu.

Siku ya tatu akapiga simu, analia. Alikuwa na diski moja ya marehemu mumewe akicheka kwenye mahafali ya binti yao, picha ya zamani ya kamera ndogo, yenye nukta za kuhesabika. Kwenye televisheni yake ya zamani, ndogo, alimwona vizuri. Sasa, alisema, tumemfutia mumewe, amebaki vibokisi vibokisi, na tuje tuchukue kitu chetu leo hii. Nikamweleza Mzee.

Mzee alikwenda nami bila kuniuliza neno. Alimsalimu, akamwita dada yangu, akaomba ruhusa ya kumvurugia nyumba. Tukahamishia meza pembeni chini ya dirisha, tukasukuma kochi mpaka likagusa ukuta wa nyuma, akamkalisha, akaiweka ile diski. Yule mama alitazama mpaka mumewe akaonekana akicheka. Kisha akaanza kumgombeza marehemu: kwa nini alivaa tai ile ya mistari, ilhali alishamkataza asiivae? Mimi nilikimbilia jikoni kunawa uso.

Televisheni haikurudi, lakini lalamiko lilikwishaandikwa, na kwa aliye kwenye majaribio hata hilo lingetosha kumwondoa. Kwenye fomu, penye chanzo cha kosa, Mzee alijaza kwamba yeye, mwalimu wa upimaji, hakusisitiza tupime kutoka kwenye kiti. Akasaini. Uongo mtupu! Alisisitiza mara tatu, mimi nikiwa nachezea simu. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika miaka yake yote ya kazi, na hakuwahi kunikumbusha hata kwa utani.

Miaka sita nimenyamaza, na naona aibu. Meneja, kosa lilikuwa langu. Barua ile naomba uitoe kwenye faili lake na uiweke kwenye langu kabla hajarudisha funguo.

Mzee wetu, ahsante sana. Wanangu wamesoma kwa sababu yako. Sote hapa dukani tunakuombea afya, vicheko na siku nyingi pamoja na shemeji yetu, na uondoke na faili safi, maana ni haki yako.