Mjane Hawezi Kuwa Mchumba

Igoki: Haloo? Haloo! Ni Munyi wa kompyuta?

Munyi: Ndiye. Nani huyo?

Igoki: Igoki, karani wa parokia huku Kibirichia. Habari ya Embu?

Munyi: Mzuri, Mama. Ile programu yangu inawasumbua?

Igoki: Inanitukana! Padri anataka majina ya wachumba wa kutangazwa Jumapili. Nafungua faili ya mjane mmoja, naiambia kompyuta huyu sasa ni mchumba. Inaandika kwa rangi nyekundu: "Mjane hawezi kuwa Mchumba."

Munyi: [anacheka] Pole. Hiyo—

Igoki: Nani aliiuliza maoni?

Munyi: Sikiza, Mama. Mle ndani kuna klasi moja kubwa, yaani kundi, inaitwa Muumini. Imezaa Mjane, imezaa Mchumba. Lakini hao wawili ni kama mbuzi na ng'ombe—

Igoki: Nani mbuzi?

Munyi: —network ni mbaya, Mama! Nasema ukimwita mbuzi ng'ombe, hatajaza ndoo ya maziwa. Mchumba ana tarehe ya harusi. Mjane hana.

Igoki: Sasa akae hivyo mpaka mbinguni?

Munyi: Hapana. Tunaumba Mchumba mpya, tunanakili jina, ubatizo, jumuiya. Halafu yule Mjane tunafuta. Nipe namba yake.

Igoki: Mia moja kumi na nne.

Munyi: Ngoja nifungue... Mama Igoki. Ni wewe.

Igoki: Kazi yako ni kompyuta ama ni umbea?

Munyi: Ai, hongera! Na mwanaume ni—

Igoki: Utasikia Jumapili kama wengine. Nakili!

Munyi: Sawa. Jina, limeenda. Ubatizo, umeenda. Hapa kuna "Marehemu mume: Mithika." Mchumba hana pa kuiweka. Itapotea.

Igoki: Mithika wangu...

Munyi: Haloo? Uko?

Igoki: Niko. Miaka kumi na tisa nimekuwa mjane wake, Munyi.

Munyi: Nisifute?

Igoki: Nataka kuolewa, wewe! Lakini... huyu atakayenioa alimjua. Ndiye alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia.

Munyi: Basi naongeza nafasi kwa Mchumba. Niiite aje?

Igoki: Iite Mithika.

Munyi: Lakini itatokea kwa wachumba wote! Msichana wa miaka ishirini ataulizwa Mithika wake ni nani.

Igoki: Aandike "bado." Credo ya simu inaisha, umenakili?

Munyi: Tayari. Fungua uone.

Igoki: Naona... Imekubali. Munyi, hebu subiri kwanza nikae chi—

[Simu inakatika.]