Baruti, Mpimaji wa Mawingu ya Nyota

Marehemu, aliyejulikana nyumbani na chuoni kama Baruti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitindamimba wa seremala mwenye mkono mwepesi. Baba alimchapa kwa mbao, naye akawachapa wenzake shuleni. Shule mbili zilimfukuza. Ya tatu ilimvumilia kwa sababu ya hesabu zake, na mwaka 1976 alihitimu shahada ya fizikia ya anga.

Kazi yake ilikuwa kupima kiasi cha neoni na salfa kwenye nebula, yale mawingu ya gesi inayong'aa kuzunguka nyota. Alitumia mionzi ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa kuwa vipimo vya mwanga wa kawaida huyumbishwa mno na joto la gesi.

"Yaani wewe, na hasira zako zote, umechagua mwanga usiojali joto!" dada yake mkubwa alimtania. Baruti alicheka mpaka akapaliwa.

Hesabu yake ya kwanza ya neoni ilitoka pungufu. Alijumlisha chembe zilizoacha mstari kwenye spektra, ule mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi, akasahau zile ambazo chombo chake hakikuziona. Mwenzake alipomsahihisha mbele za watu, Baruti alimvunja taya. Aliporudia hesabu, akakuta mwenzake alisema kweli.

Mwaka 1980 alimwoa muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Lazima lisemwe, na mjane ameridhia: alimpiga mkewe. Siku aliyomkaba koo jikoni, mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, alimpiga baba yake kwa kikaango cha chuma. Jicho la kushoto likapasuka.

"Toka! Wewe si mwanangu!" alinguruma, damu ikimtiririka.

Kijana akatoka. Marehemu hakumwinulia mtu mkono tena, wala hakumtaja mwanawe.

Januari mwaka huu kiharusi kilimwangusha. Siku chache kabla ya kufariki hapo tarehe 2 Juni, alimwambia dada yake kwa taabu, "Dada, msirudie kosa langu la neoni. Wanaoonekana si wote. Mjumlisheni na yule."

Jana kaka mkubwa wa marehemu alisoma wasifu wa kwanza. "Aliyemtoboa baba yake jicho? Katu!" akauchana vipande vipande. Dada akaandika mwingine, huu mnaousikia.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu wanne, dada, kaka wawili, na mwana mmoja, aliyesimama kule ukutani. Shangazi yake anamwomba asogee mbele, kando ya mama yake.

Apumzike kwa amani, na sisi atuachie amani.