Sanduku Lililoliliwa Tororo

Mheshimiwa Bwana D.C.; Bwana Chifu; Mchungaji wetu; wazee wa baraza; wageni wetu mliovuka mpaka kutoka Tororo; baba mkwe wangu, Mzee Cornelius, ambaye namwona amekaa nyuma kabisa ijapokuwa kiti chake kiko hapa mbele; na nyinyi akina mama wenzangu wa klabu ya Busia: hamjambo?

Mimi ni Selpher, mama Edah. Shule nilisoma kidogo tu, kwa hiyo nikikosea mahali nirekebisheni tukishakula. Nilipoambiwa niseme neno kabla Bwana D.C. hajaifungua nyumba hii ya akina mama, nilimwuliza mwenyekiti wetu, Mama Syprose, "Kwa nini mimi?" Akanijibu, "Kwa sababu ni wewe uliyetufanya tuzikwe." Naona wageni wengine wanatazamana. Ngojeni niwaeleze.

Mwaka jana klabu yetu ilialikwa Tororo kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Klabu itakayoshinda ingepewa cherehani. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulala nchi ya watu, na tangu bendera zetu mbili za uhuru zipandishwe, Uganda ilikuwa imekuwa ng'ambo kweli kweli. Baba, unisamehe, nitasema ulivyosema. Siku ya kuaga ulisimama mlangoni ukaniambia, "Selpher, nendeni. Lakini mkirudi mikono mitupu, mambo ya klabu yaishe, mrudi shambani. Jembe halishoni nguo." Na wazee wenzako wakaitikia, kila mmoja akamwambia mke wake au mkaza mwanawe vivyo hivyo. Basi mjue, tulipopanda lori siku ile, klabu yenyewe ndiyo ilikuwa mashindanoni.

Kazi zetu tulitaka zifike bila vumbi. Tukamwomba fundi Ojulong atutengenezee sanduku refu. Fundi, simama watu wakuone. Huyu ndugu yetu ni hodari, lakini miaka yote watu humwendea kwa sanduku la aina moja tu, na mikono yake imezoea. Mama Syprose alipoliona alishika kiuno. "Fundi, hili si lile la..." Naye akamkatiza, "Mama, ulitaka refu. Refu ndilo hilo."

Tulifanyaje? Tukapanga ndani mikeka, vitambaa na vyungu. Juu tukatandika shuka nyeupe ya Mama Syprose, aliyoitarizi kwa uzi mwekundu LALA SALAMA. Juu ya shuka tukaweka maua ya kupamba meza yetu. Mbele ya lori dereva Osborn akafunga matawi mabichi, kama tunavyofunga tunapokwenda harusini, tukaondoka tukiimba mpaka koo zikakauka.

Sasa, mtu akifunga matawi na kuimba, kila mtu anajua ni harusi. Lakini akifunga matawi na kunyamaza?

Maana tulinyamaza. Edah wangu alikuwa anaota meno, na usiku kucha hakufumba jicho. Tulipokaribia mpaka usingizi ukamchukua mgongoni mwangu. Mama Syprose akaweka kidole mdomoni. Akina mama wote, Mungu awabariki, wakafunga vinywa kwa ajili ya mtoto wa mwenzao, wakajifunika leso kichwani kwa sababu ya vumbi, wakainamisha nyuso. Osborn naye akaendesha polepole asimwamshe.

Askari wa mpakani, ambaye siku nyingine hufunua hata kikapu cha mayai, alivua kofia akatupungia tupite. Mbele kidogo wanaume wakashuka kwenye baiskeli. Wachuuzi wa samaki waliotoka Majanji wakatua mizigo yao. Mama Syprose akaninong'oneza, "Unaona? Hii ndiyo nchi. Kwetu nani aliwahi kuivulia klabu kofia?" Akaanza kuwapungia mkono taratibu, kama mke wa gavana. Watu wakazidi kutikisa vichwa kwa huruma.

Penye daraja lori lilipunguza mwendo, mama mmoja akadandia nyuma na kuanza kulia. Tukadhani ana shida zake. Wakaja wengine, wengine wakatufuata kwa miguu. Tulipouona mwamba wa Tororo, nyuma yetu kulikuwa na umati, nasi tukawa tunaulizana kwa macho: hawa ndugu zetu wamefiwa na nani?

Uwanjani kulikuwa kimya. Mtu wa baiskeli alikuwa ametutangulia na habari kwamba wa Busia wanamleta mwenzao aliyefariki. Majaji walikuwa wamefunika meza yao. Mashindano yameahirishwa. Mzee Oboth, katekista, akatujia na kitabu cha sala, akamshika Mama Syprose mkono.

"Poleni sana, mama. Marehemu ni nani jina lake?"

"Marehemu gani?"

"Huyu wa sandukuni."

"Humo? Humo mna mikeka, mzee!"

Jamani! Mmewahi kuona machozi ya umati yakigeuka hasira? Mkuu wa majaji alisema tumekifanyia kifo mzaha, na akatuamuru tugeuze lori. Nikaliona jembe langu. Nikamwona Baba mlangoni. Mama Syprose akaanza kuikunja shuka yake. Na Edah ndipo alipochagua kuamka, akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Nadhani kilio kile ndicho kilichonitoa woga. Nikapanda juu ya gurudumu la lori, mtoto mgongoni, nikasema, "Wazazi wangu, mwenye makosa ni huyu. Alilala, wenzangu wakanyamaza asiamke. Hatukuwa na neno lingine."

Hapo yule mama wa darajani akajipenyeza mbele, machozi hayajakauka. Ni Mama Amongin, yule pale mwenye vazi la gomesi la kijani. Akamtazama mtoto, akamtazama jaji, akalipiga sanduku kofi. "Mimi nalia tangu mtoni," akasema. "Sauti imeisha. Sasa mutanionyesha hii kitu nalilia!"

Nani angemkatalia? Tukafungua. Kila aliyelia akataka kuona kilichomliza. Mikeka ikapita mkono kwa mkono, vyungu vikagongwa kusikilizwa mlio, watu wakaanza kucheka, mwishowe Mzee Oboth mwenyewe akacheka mpaka akafuta miwani. Likafika gauni dogo la Edah, nililolishona kwa gunia la unga na kulitia maua shingoni. Mama Amongin akaliweka shavuni. "Hii," akasema, "hii inafaa kulilia." Nao umati ukamgeukia mkuu wa majaji, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kwenda nyumbani.

Akaifunua meza. Mabwana na mabibi, kulikuwa na klabu nyingi pale, lakini ni klabu gani nyingine ilikuja na watu wake wa kuililia? Cherehani ilikuwa yetu!

Tulirudi tukiimba kulipiza kimya chetu. Na mtu wa kwanza kupanda lorini, akaishika cherehani ile na kuibeba kichwani mpaka kanisani, tulikokuwa tukikutania wakati ule, alikuwa Mzee Cornelius. Baba, kweli jembe halishoni nguo. Lakini koti ulilovaa leo limekukaa vizuri, na wote hapa wanajua limeshonwa wapi. Njoo mbele, kiti chako kinakungoja.

Namshukuru fundi Ojulong. Sanduku lake hatukulitupa. Tazameni pale chini ya dirisha: ndani yake wamelala watoto wetu, vichwa huku na huku, na juu yao ile shuka ya LALA SALAMA. Humo ndimo tutakamowalaza tukiwa tunashona. Nawashukuru ndugu wa Tororo, mliotulilia bila kutujua. Mama Amongin, nimekatazwa na wewe mwenyewe kukuita mgeni, nami nimetii.

Bwana D.C., mkasi ni huu. Najua wengine mngependa tufungue polepole kwa ajili ya hao waliolala. Sivyo! Tulinyamaza mara moja, tukaona yaliyotupata. Utepe ukikatika, pigeni vigelegele visikike ng'ambo. Watoto wakiamka, mama zao tuko hapa.

Mmenisikiliza kwa upole mwingi. Asanteni sana.