Mgunga wa Haneti kwenye Bati la Leza

Alasiri moja ya mwaka 1998, benchi la mbele ya karakana za Kizota lilikuwa na watu watatu. Msafiri, fundi aliyebandikwa jina la Tindikali kwa vidole vyake vilivyoungua, kahawa ilikuwa imempoa mkononi. Alitengeneza vibati vya taa za jukwaani. Hupaka bati rangi, hukwangua mchoro, hulitumbukiza kwenye tindikali ikala palipokwanguliwa. Mwanga ukipita hapo, picha huangukia pazia. Kikundi cha maigizo kilimwagiza mti. Akachora mgunga wa Haneti, pale alipoagana na mdogo wake Hassani aliyekwenda kuchimba vito, na mwaka wa pili sasa hajarudi. Jana pazia lilionyesha mti, na ubavuni pake umbo la mtu. Waigizaji walitoka mbio.

— Tindikali haina adabu, alisema Thomas, karani wa Bunge waliyemwita Hansadi. Inapenya chini ya rangi, inatafuna hata pasipochorwa. Leza ni mwanga unaokata chuma, mstari mwembamba kama unywele. Ukikata mabati mia, yote sawasawa.

— Bila dawa? aliuliza Abdulrazaki, muuza kahawa.

— Bila dawa. Hata kifua cha Tindikali kingepona. Ndiyo maana ukumbi wa maigizo ulishapeleka nakala ya mchoro wake Afrika Kusini ukakatwe kwa leza.

— Hansadi, wewe unaongelea mashine, alisema Abdulrazaki. Babu yangu alikuja hapa na msafara. Wapagazi waliokufa njiani walizikwa humuhumu. Maji ya kuchanganyia tindikali yanatoka wapi? Kisimani! Mmelinywesha bati wafu!

— Toka hapa! alisema Hansadi.

— Au bati lenyewe. Liliwahi kuwa paa la nani? Bati linaona, bwana. Linakaa juu, linatutazama tumelala.

Hansadi alicheka peke yake. Msafiri hakucheka. Hakuwa amemwambia mtu kwamba mabega ya lile umbo aliyajua.

Ndipo akaja Evelina, fundi wa taa wa ukumbini, na bahasha mkononi.

— Shikamooni. Bati la leza limefika.

Msafiri aliliinua, akachungulia mwanga wa jua kupitia matundu yake. Kingo safi, kila mwiba umesimama peke yake. Miaka yote tindikali haikuwahi kumpa miiba. Na ubavuni pa mti, chini ya tawi, yule mtu. Kofia imelala upande wa kushoto, kama alivyoivaa Hassani siku zote.

— Si ulichora mti tu? Hansadi aliuliza, sauti imeshuka.

— Mti tu.

Evelina alisogea, akaonyesha kwa kidole.

— Lile la kwanza lilififia huku chini, miguu ikachanganyika na majani. Hili limekatwa vizuri. Sasa fundi, mbona miguu yake haijagusa chini?

Abdulrazaki aliinua birika, akalirudisha bila kumimina. Hansadi alitazama viatu vyake. Msafiri alilifunga bati kwenye leso taratibu, akasimama, akauliza gari la Haneti linaondoka saa ngapi.