Vichwa Viwili vya Ijumaa

Sogeeni, wanangu. Howard, njoo upande huu; Rivka, shusha pazia; nawe Vashti, mdogo wangu, acha vyombo, ukae. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nikamjibu hata masikio yamechoka, kwa kumsikiliza yeye. Lakini masikio hayo hayo jana yalikusikia jikoni, Howard, ukimwambia dada yako: "Mama akishaondoka, tuuze nyumba. Mama Mdogo tumtafutie makao ya wazee. Kwani yeye ni damu yetu?" Usiiname, mwanangu. Sikukuita nikupige, mkono wenyewe hauinuki. Nataka uusikie mwisho wa kile kichekesho changu cha mahakamani, nilichokiigiza majukwaani Buenos Aires na Johannesburg nikala mkate, bila kukimaliza hata siku moja, kwa sababu mwisho wake hauchekeshi.

Mama yake Vashti alikuwa akisugua ngazi za jengo hili hili la Bronx. Kifua kikuu kilipomchukua, Bibi Pesha, aliyekuwa akinilea mimi yatima, alishuka, akamshika mtoto mkono, akapanda naye, wala hakumwuliza mtu, maana njaa ya mtoto haina kabila. Ndipo mkaguzi wa mayatima akabisha hodi. Mtoto mweusi wa Kibaptisti, akasema, halelewi na Wayahudi. Na kwa kuwa nyumba za yatima za Waprotestanti hazipokei weusi, atawekwa kizuizini na watoto wakorofi mpaka nafasi ipatikane. Nami niende kwa yatima wa Kiyahudi, kwani bibi kazeeka.

Mahakamani Bibi, ambaye kwao mwamuzi ni rabi mwenye ndevu, alimwendea karani mwenye ndevu akamlilia hadi karani akatoa leso yake mwenyewe. Mwanamke mmoja alikuwa akituvutia viti mezani. Bibi akamwambia, "Binti, tupishe, tunaongea na hakimu."

"Ongea naye tu, mama," akasema. "Ukimaliza, utaongea na mimi. Hakimu ni mimi."

Hapo ndipo ukumbi huangua kicheko. Bibi hakucheka. Aliuliza taratibu, "Mwanamke? Wa kwetu?" Naye Jaji Henrietta Lowenfeld akamjibu kwa Kiyidi, lugha ya majikoni mwetu: "Wa kwenu, bibi." Wanangu, nimeona milima inayotema moto, nimeona malkia akishuka garini, lakini sijaona tena kilichonisahaulisha kupumua kama yule mwanamke wa joho jeusi, aliyeacha kiti chake cha juu akaketi macho yake yakilingana na yetu.

Mkaguzi alisema weee, mpaka jaji akainua kidole. "Bibi, Ijumaa jioni, Sabato ikiingia na mishumaa ikishawashwa, unabariki vichwa vya watoto wangapi?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeuliza maji yana rangi gani. "Viwili. Si hivi hapa?"

"Vashti, huambiwa nini?"

Naye mdogo wangu, akidhani majina ya mama wa Israeli katika baraka ile ni ya mabinti wa nyumba yetu, akasema kwa sauti ya shuleni: "Mungu akufanye kama Sara, Rebeka, Raheli, Lea, na Vashti."

Karani alicheka. Jaji alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema: "Bibi amehesabu wawili. Mimi ni nani nihesabu mmoja?" Tukarudi nyumbani sote. Na jaji akaenda kupambana na nyumba zile za yatima zilizochagua rangi, mwaka baada ya mwaka, hadi milango ikafunguka.

Basi shikeni haya. Nyumba ni ya Vashti mpaka Mungu amwite. Baadaye gawaneni bila kelele. Mkikaa matanga siku saba, kigoda chake cha mfiwa kiwe katikati yenu, si karibu na mlango. Akikaa matanga yangu kama mgeni, nyote mmekuwa wageni. Na jaji hakuacha mtoto; kila mwaka, siku aliyokufa, mwashieni mshumaa, kama nilivyowasha mimi...

Nipe maji. Basi, yanatosha.

Howard, leta kichwa. Mungu akufanye kama Efraimu na Manase, waliozaliwa ugenini kwa mama mgeni, babu yao akasema, hawa ni wangu. Umesikia? Ni wangu. Rivka... nawe Vashti, njooni pamoja. Niinulieni huu mkono, mimi siuwezi. Hapo. Kama Sara... Rebeka... Raheli, Lea...

Howard, malizia wewe. Sema, mwanangu, nisikie. Na nani?