Sauti ya Besi Niliyoifuta

Sabato njema, ndugu zangu. Mchungaji, wazee wa kanisa, na akina mama wenzangu wa hapa Nyamira ambao mmenibeba mwaka huu mzima, nimeomba dakika chache. Mniruhusu nishike hii meza, miguu yangu haijazoea kusimama mbele ya watu.

Wengi wenu mliimba na mume wangu. Mnajua vile alikuwa anafundisha kwaya. Anaketi kwa kompyuta yetu pale sebuleni, anarekodi besi peke yake, anarudia mpaka inyooke. Kutuma kwa simu hakutaka. Alikuwa anasema, "Mtu akitaka sauti aje nyumbani, aisikie, anywe chai." Kwa hivyo sauti yake yote ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya hiyo mashine.

Mimi kompyuta nilijifunza ukubwani, darasa la jioni kule Keroka. Mwalimu wetu, mama kama mimi, alitufundisha kuchukua nakala ya diski nzima, mafaili, programu, mpaka ule mfumo unaoiwasha, vile vilivyo saa hiyo, halafu unaiweka kwa diski ya nje. Nikaifanya kazi ya Ijumaa. Mnajua maandalizi kwetu. Nafua, napika chakula cha Sabato, napiga nguo pasi, na kabla jua halijatua nachukua nakala. Mume wangu alikuwa ananicheka. "Omong'ina, hata kompyuta unaiogesha?" Ananiita mwanamke mzee, na mimi bado nina meno yote.

Ijumaa moja nikafanya hivyo. Jumapili tukampeleka hospitali. Hakurudi.

Baada ya mazishi, watu wakishaenda, msichana wangu wa mwisho akawa anacheza zile rekodi kila jioni akimenya ndizi. Yeye zilimtuliza. Mimi, ndugu zangu, nawaambia ukweli, zilinimaliza. Namsikia anaimba sebuleni, mwili unaamka wenyewe kumpelekea chai, nafika mlangoni na kikombe, nakuta kiti. Nikamkasirikia Mungu. Maandalizi nikaacha, nakala nikaacha, na hapa kanisani nikawa naketi nyuma na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mkiniuliza nasema ni mgongo.

Jumatatu moja, mtoto akiwa shule, nikafuta zote. Nikaingia hata kwa lile pipa la kompyuta, nikamwaga.

Jioni akauliza, "Mama, sauti ya Baba iko wapi?"

"Kompyuta imeharibika, imekula mafaili."

Akaniangalia. "Yote?"

"Yote."

Hakulia mbele yangu. Alichukua kisu akaendelea na ndizi. Kutoka siku hiyo akawa ananijibu tu nikimwuliza kitu.

Miezi ikapita. Halafu stima zikapotea kompyuta ikiwa katikati ya kujisasisha, na sasa ikaharibika kweli. Ukiwasha, ni giza na mstari mmoja wa maandishi meupe. Fundi mmoja akaniambia, "Mama, hapa ni kufuta kila kitu tuanze upya." Hilo neno kufuta likanichoma. Nikampigia yule mwalimu wangu.

Alikuja Ijumaa, saa nane mchana. Nikatoa ile diski ya nje kabatini, ilikuwa imefungwa kwa leso pamoja na nguo za Sabato. Akaangalia tarehe.

"Hii ni ya zamani. Tukiirudisha, mashine itakuwa vile ilikuwa Ijumaa hiyo. Ulichoandika baadaye kitaenda."

Nilichoandika baadaye ni kurasa nilizokuwa namwandikia mume wangu, za miezi yote hiyo. Hakuna mtu alikuwa anazijua.

"Na nilichofuta baadaye?"

Akageuka. "Kitarudi, kama nakala ni nzima. Uliwahi kuijaribu?"

"Hapana."

"Basi tuombe." Na hakuwa anafanya mzaha.

Akachomeka flashi ya kuiwashia mashine, akachomeka diski, akabonyeza. Kamstari ka kuonyesha kazi imefika wapi kakaanza kutembea kwa skrini. Saa kumi na mbili hakajafika hata nusu. Akasema, "Isizimwe, na stima zikipotea tunaanza mwanzo," akaenda kwake. Jua linashuka, na Sabato ikiingia kwangu kazi inakoma. Nikafunika skrini kwa ile leso, nikamwita binti, tukafungua Sabato sisi wawili kwa wimbo, mashine inavuma chini ya kitambaa. Wimbo ulikosa besi.

Kesho yake sikuinua leso. Lakini kitu kilinijia. Kama nakala ni nzima, jioni sauti itarudi, nitasema ni Mungu ameponya kompyuta, na uwongo wangu utapona pamoja nayo. Nikaona nitamrudishia mtoto baba yake na bado nitakuwa nimemwibia. Alasiri, kabla sijajua kama kuna kitu kimerudi, nikamwambia.

"Kompyuta haikukula mafaili. Nilifuta mimi."

Akauliza, "Kwa nini?"

"Nilikuwa nampelekea chai."

Hapo ndipo alilia. Akasema, "Na mimi nikitoka shule naangalia viatu vyake mlangoni. Si ungeniambia, Mama. Ningezima."

Jua likatua, tukafunga Sabato. Leso aliinua yeye. Mashine ilikuwa imemaliza. Tukaiwasha, ikawaka, na rekodi zilikuwa pale zote. Tukacheza ile ya mwisho. Anakohoa, anaanza besi, halafu kwa mbali kuna mwanamke anasema, "Maliza basi, chai inapoa." Ni mimi. Na yeye anajibu, "Nakuja, omong'ina," anaendelea kuimba.

Hakuja, ndugu zangu. Kompyuta ilirudi Ijumaa ile, mimi sikurudi. Siku zingine bado natoa vikombe vitatu na tuko wawili.

Namshukuru mwalimu wangu, ambaye hakuniuliza nilifuta nini. Nawashukuru nyinyi mlioniona nikitoka mapema na hamkunisema. Namshukuru mtoto wangu, amenisamehe polepole, na namshukuru Mungu, ambaye nilimnunia na hakuninunia. Mwenye kompyuta, chukua nakala ukiwa bado na raha, na uijaribu. Na mwenye msiba, mwambie mtoto pale panakuuma, usimdanganye, kwa maana na yeye panamwuma hapo hapo.

Wale wanaotaka kujifunza besi, rekodi ziko. Sitatuma kwa simu. Mje nyumbani, mzisikie, mnywe chai.